Gandolfo Cerami na Kona ya Kinu

Meya alikuja nyumbani kwangu mwenyewe mwezi wa Februari, akakaa jikoni, akala biskuti zangu sita za lozi, ndipo akasema kilichomleta. Manispaa inafungua chumba cha kumbukumbu za mbio za magari katika kinu cha zamani, na mgeni wa heshima atakuwa mdogo wangu, Gandolfo Cerami, dereva pekee wa mji wetu wa Rocca Lauro aliyewahi kulipwa ili akimbize gari. Kila atakayefika atapewa kijitabu cha maisha yake.

"Mama Enza, nani mwingine anakumbuka?" aliniuliza.

Nikamwambia hakuna, na ni kweli hakuna. Nina miaka themanini na minne, shule niliishia darasa la tano, lakini nitajieni mwaka wowote nami nitawaambia namba ya gari, rangi yake, na dereva alikuwa amenyoa au hajanyoa. Nyumba yangu ya zamani ilikuwa kwenye kona ya Kinu, na barabara ya mbio ilipita chini ya roshani yangu, karibu kiasi cha kuwamwagia madereva supu.

Siku ile ile nikaanza kuandika. Kurasa nne zikaenda vizuri. Nilipofika mwaka sitini na sita kalamu ikasimama. Kuna jambo la mwaka huo ambalo Gandolfo halijui, nami nalijua, na kijitabu kikitoka kama nilivyotaka kukiandika, basi uongo wangu utapigwa chapa na kugawiwa mlangoni. Kwa hiyo niliona lazima nimwambie kabla ya kumaliza. Ilinichukua wiki sita kuvaa viatu na kwenda kwake. Nitafika huko.

Gandolfo alizaliwa mwaka thelathini na nane, miaka minne baada yangu. Baba yetu alikuwa na lori la kubeba unga kutoka kinuni mpaka stesheni ya reli. Gandolfo alipanda juu ya magunia, akashuka mweupe kama mzimu, na hakuwa mtoto wa maneno. Siku moja, akiwa na miaka kumi, alisema, "Baba, gia ya pili inalia."

"Inalia kwa sababu ya kukubeba wewe," baba akamjibu.

Wiki iliyofuata gia ilikatika katikati ya mlima na unga ukalala barabarani siku mbili. Tangu hapo baba hakutia lori moto bila kumuuliza, ingawa aliuliza akitazama kwingine.

Alipofika kumi na sita alikwenda Palermo kwenye karakana. Alipofika ishirini dereva wa karakana hiyo aliugua homa siku mbili kabla ya mbio za mlimani, tajiri akamtupia Gandolfo helmeti na kumwambia arudishe gari likiwa zima. Alilirudisha zima, na la tatu kati ya magari arobaini. Mwaka uliofuata timu ndogo ya Modena ikamchukua, naye akawa anatuandikia barua kutoka kaskazini. Mama alizifungua akitegemea kusikia habari za chakula na baridi. Alikuta habari za kona. Kona ya mji fulani inaanza kwa upana na kuisha kwa ufinyu. Kona nyingine ina mti unaodondosha majani. Mwisho, mstari mmoja: mimi mzima.

Watu hudhani dereva wa mbio ni mtu wa kelele na wanawake. Gandolfo alivaa soksi za sufu za baba hata wakati wa joto. Asubuhi ya mbio alikula mkate na kitunguu kibichi, basi. Dereva mmoja wa Milano alimuuliza kitunguu ni cha nini.

"Ni ili usinikaribie," Gandolfo alisema, na hakucheka, na yule wa Milano mpaka leo, kama yupo hai, hajui kama ulikuwa utani.

Hakupenda bahati. Alipenda kujua. Kila Aprili alirudi nyumbani wiki mbili kabla ya mbio zetu, akazunguka njia nzima kwa miguu, kilomita sabini, kwa siku nne. Alikaa juu ya kuta. Alipapasa lami kwa kiganja. Na alisimama kwenye kila nyumba yenye roshani inayotazama kona mbaya, akazungumza na mwenye nyumba. Madereva wengine walikuwa na watu wa timu wenye vibao kando ya barabara. Gandolfo alikuwa na wanawake kumi na mmoja.

Makubaliano yalikuwa mepesi. Siku ya mbio hakuna kuanika kitu chochote chekundu, iwe shati la mtoto au sinia ya nyanya. Lakini kona ikiharibika, kwa oili au kokoto au kinyesi cha kondoo, mwanamke atundike blanketi jekundu.

"Nikiona jekundu nafunga breki," aliwaambia. "Nisipoona, siulizi. Nakuja kama barabara imefagiliwa."

"Na nikipitiwa na usingizi?" aliuliza Mama Tanina, mjane wa nyumba ya chini yetu.

"Basi nitakuamsha, Mama Tanina. Nitaingia jikoni kwako na gari."

"Ingia na kahawa. Moto utaukuta."

Na kweli, kila baada ya mbio, ashinde asishinde, alizunguka tena, na kila mwanamke akapata kilo moja ya kahawa. Nilikuwapo alipomwambia Mama Tanina, "Dada Enza simwelezi kitu. Huyo anaona mpaka ninachokiwaza." Nilitembea na maneno hayo kichwani mwezi mzima. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mke wa mwoka mikate, na sikuwa na sifa nyingine niliyoithamini kuliko hiyo, isipokuwa moja.

Hiyo moja ilikuwa tandiko langu la kitanda, la hariri. Nililipata nilipoolewa, mwaka hamsini na sita. Rangi yake ya dhahabu, na makomamanga yaliyotariziwa na shangazi yetu mtawa kwa miaka miwili. Hapa kwetu mwanamke hutundika tandiko lake bora kwenye roshani maandamano ya kanisa yanapopita, na wengine hupita chini wakijifanya wanasali huku wanahesabu nyuzi. Langu halikuwa na mwenzake. Blanketi jekundu, kwa upande wake, lilikuwa la mama, la sufu, limeliwa na nondo, lina viraka viwili vya buluu. Nililiweka ndani ya sanduku, karibu na mlango wa roshani, tayari.

Mwaka sitini na sita Gandolfo alikuwa na miaka ishirini na minane na mambo yake yalikuwa yamefika penyewe. Kiwanda kikubwa cha kaskazini kilimtuma mhandisi kumtazama, na mkataba wa misimu mitatu ulikuwa tayari ndani ya mkoba. Sahihi ingewekwa siku moja baada ya mbio. Mji mzima ulijua, maana mhandisi alilala kwa padri na mpishi wa padri hakujua kunyamaza.

Mwaka huo huo alikuja mpiga picha wa gazeti la Milano. Siku moja kabla ya mbio alisimama kwenye uwanja wa kupuria ngano, ng'ambo ya barabara, akaitazama nyumba yangu kwa jicho moja.

"Mama, ukuta wako mtupu. Huna kitu cha kupendeza cha kutundika hapo?"

"Unaniuliza mimi kama ninacho?" nilimjibu.

Asubuhi nilitundika hariri. Haikuwa nyekundu, kwa hiyo sikuvunja kitu. Mama Tanina alitoka, akaitazama, akaingia ndani bila salamu, nami nikafurahi.

Mzunguko wa kwanza ulipita vizuri, na wa pili pia. Katika mzunguko wa tatu gari la kijani la mtu wa Catania lilipita likitoa moshi, na liliposhika kona niliona utepe mweusi unang'aa nyuma yake. Oili. Ulianzia kwenye mlango wa kinu ukakata barabara mpaka ukuta wa mawe. Mtu wa bendera, wa kuwaonya madereva, alikuwa kona ya chini, haoni kwetu. Niliyeona ni mimi.

Niligeuka kuchukua blanketi. Mpiga picha akaita kutoka ng'ambo, "Mama, usiguse tandiko, jua ndiyo kwanza limelishika."

Nikasimama. Nilijua mpangilio. Baada ya kijani huja buluu ya Mfaransa, halafu nyeupe ya Palermo, halafu namba arobaini na saba, mdogo wangu. Magari mawili, kama dakika moja. Nikasema acha apige picha na ile ya buluu, kisha nitatundika. Wala wale wawili hawakunijia akilini, kwamba nao ni watu na watapita juu ya oili. Nilikuwa nawaza viraka vya buluu katika gazeti la Milano.

Buluu haikuja. Ilikuwa imeungua darajani, na nyeupe ilisimama kumsaidia. Hilo nililijua baadaye. Nilichosikia ni injini ya Gandolfo, ambayo niliifahamu kama ninavyofahamu kikohozi chake, ikipanda kutoka kwa Mama Tanina bila kupungua hata kidogo. Nilikimbia kwenye sanduku. Nilikuwa nimelishika blanketi mkononi niliposikia chuma na ukuta.

Sasa nitaandika ninaloliona aibu kuliko hayo yote. Nilirudi roshanini, nikavuta hariri ndani, nikatundika blanketi mahali pake. Nilijiambia ni kwa ajili ya magari yanayofuata, na kweli yalikuwa yanafuata, na kweli yalipunguza mwendo. Lakini hariri niliikunja vizuri, pembe kwa pembe, nikaitia sandukuni, ndipo nikashuka ngazi kumwangalia mdogo wangu.

Watu walifika, wakatazama juu, wakaona blanketi. Wote walikuwa wameona hariri asubuhi na wote waliona blanketi sasa, na hakuna aliyeniuliza lilitundikwa lini. Ni blanketi la Enza, nani angeuliza?

Gandolfo alivunjika paja na bega, na kichwa kilipigwa vibaya kiasi kwamba mzunguko ule ulimtoka. Alikumbuka mpaka daraja, baada ya hapo giza. Siku ya tatu mhandisi alikuja hospitali, nami nilikuwa kando ya kitanda namlisha supu.

"Cerami, wanasema kulikuwa na blanketi."

"Dada yangu alikuwa pale," Gandolfo alisema.

"Sikuulizi habari za dada yako. Blanketi lilikuwapo?"

"Kama yeye alikuwapo, lilikuwapo. Mimi sikuliona."

Akageuka akafungua mdomo, nami nikampa kijiko kingine.

Mhandisi alikuwa mtu wa adabu. Alimtakia nafuu, akaondoka na mkoba wake. Nilimsikia ukumbini akimwambia daktari kwamba dereva mzuri anaweza kukosea kona, lakini asiyeona blanketi jekundu mchana wa jua, huyo hapewi gari.

Alipopona alikwenda kupimwa macho Palermo, mara tatu, kwa madaktari watatu. Wote walisema ana macho ya mwewe. Hakuwaamini. Aliendelea misimu mitatu na timu ndogo, akifunga breki kwenye kila kona, hata iliyo wazi, kwa sababu labda kuna kitu hakioni. Wenzake walimpa jina la Bibi. Mwaka sitini na tisa aliacha, akafungua duka la matairi, akaoa Mimma, mwanamke wa maana mwenye ulimi. Na tangu hapo hakumpakia mtu kwenye gari analoendesha yeye, hata mkewe. Mimma alijifunza kuendesha akiwa na mimba ya miezi saba. Siku ya harusi ya binti yao, bibi harusi alikwenda kanisani kwa gari na baba yake alipanda mlima kwa miguu nyuma yake, akiwa na suti nyeusi. Watu walisema ni nadhiri, nami sikuwasahihisha.

Na kila mwezi wa Mei, kwa miaka hamsini na mmoja, aliniletea kilo ya kahawa. Wanawake wengine wamekufa wote, mbio zimepigwa marufuku zamani, lakini mimi niliendelea kuletewa. "Wewe ulifanya kazi yako, dada," alikuwa akisema, na kuiweka mezani. Niliinywa yote. Sikumwaga hata kikombe kimoja.

Yule mpiga picha naye alikuwa mwungwana. Baada ya miezi miwili alinitumia picha kwa posta, kubwa, pamoja na shukrani. Gazeti lilichapa nyingine, ya gari likiwa ukutani, hii haikutumika. Niliiweka chini ya hariri, sandukuni, na sanduku nikahama nalo nilipouza nyumba ya Kinu na kuja mjini.

Mwisho wa Machi niliivuta, nikaifunga kwenye gazeti, nikaenda kwa Gandolfo asubuhi. Mimma alikuwa anamenya maharage mabichi mezani, na Gandolfo anasoma karatasi ya bei za matairi, ingawa duka analo mkwe sasa.

"Wifi, umekuja kwa miguu?" Mimma aliuliza. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi kaa umenye."

Sikukaa. Niliweka picha mbele ya Gandolfo. Alifuta miwani kwa ncha ya shati, akaivaa, akainama.

"Kona ya Kinu," alisema.

"Ndiyo."

"Mzunguko wa tatu. Taa ya kushoto imevunjika. Jiwe lilinipiga mwisho wa ule wa pili." Kidole chake kikasogea juu, kikasimama kwenye roshani. "Hii ni hariri yako."

"Ndiyo."

"Blanketi liko wapi?"

"Liko ndani ya sanduku. Nilitundika baadaye. Baada ya wewe kugonga."

Mimma aliacha kumenya. Nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa, utepe wa oili, sauti ya mpiga picha, magari mawili ambayo hayakuja. Gandolfo alikuwa amerudi kwenye picha, pua karibu iguse karatasi.

"Kichwa," alisema.

"Kichwa gani?"

"Changu. Kitazame kimeelekea wapi."

Miaka yote ile nilikuwa nimeiona hariri tu katika picha ile. Nikainama naye. Ndani ya gari, helmeti nyeupe ndogo kama kunde, na chini yake uso, na uso umeinuka kuelekea roshani yangu.

"Nilitazama," Gandolfo alisema.

"Ulitazama, mdogo wangu."

"Kumbe nilitazama." Alivua miwani. "Ulisubiri picha."

"Nilisubiri magari mawili yapite."

"Ulisubiri picha, dada."

"Nilisubiri picha," nikasema.

Mimma alisukuma bakuli la maharage. "Nimeendesha gari mvua na theluji mpaka miguu ikavimba," aliniambia taratibu. "Na kila Ijumaa Kuu unakaa kwenye kiti hicho, unakula samaki wangu na kusema chumvi imezidi."

Na chumvi ilikuwa inazidi kweli.

Gandolfo alisimama. Alichukua ufunguo wa gari la Mimma kwenye msumari. Mimma akafungua mdomo, kisha akaufunga, na yeye si mtu wa kuufunga.

"Twende," Gandolfo akaniambia.

Nilikaa kando yake, mtu wa kwanza kukaa hapo tangu mwaka sitini na tisa. Alisogeza kiti, akarekebisha kioo, akashusha dirisha ili asikie injini. Mpaka kanisani alikwenda kama mzee. Tulipotoka nje ya mji alibadili gia, na ingawa ni kigari cha kwendea sokoni, niliutambua mkono. Tulipita palipokuwa kwa Mama Tanina, ambako sasa pamebaki ukuta mmoja na mtini. Kona ya Kinu ikafunguka. Aliinua uso, akaitazama roshani yangu ya zamani, ambapo wageni wenye nyumba wameanika taulo nyeupe mbili, akashusha uso, akaingia bila kugusa breki. Magurudumu yalipita shibiri moja kutoka kwenye ukuta uleule. Nilishika mlango kwa mikono miwili.

Alisimamisha gari mbele kidogo, kwenye chemchemi.

"Shuka."

"Gandolfo, mpaka nyumbani ni kilomita tatu, na magoti yangu unayajua."

"Nilizunguka kilomita sabini kwa miguu kila mwaka, ili kona kumi nizihakikishe. Ya kumi na moja niliacha, kwa sababu ilikuwa yako. Shuka, dada."

Nilishuka. Nilidhani ataondoka, lakini alibaki ameshika usukani, injini inanguruma.

"Yale ya meya umemaliza?"

"Nimeishia mwaka sitini na sita."

"Andika ilivyokuwa. Na rangi ya tandiko uiandike."

"Watu watasoma, Gandolfo."

"Ndiyo maana nasema."

Hakugeuza kurudi mjini. Alipanda kuelekea mlimani, nami nikasimama kando ya chemchemi nikimsikiliza kona baada ya kona. Alikuwa anachelewa kufunga breki, anachelewa sana, kama zamani, halafu gia inashuka na injini inapanda tena. Nilibaki mpaka sikusikia kitu. Kisha nikatembea.

Alirudi saa nane mchana, Mimma ameniambia. Kwangu hajaja. Kwenye ibada ya Pasaka alinisalimia kwa kichwa, na Ijumaa Kuu nilikula peke yangu.

Tandiko lilikuwa la hariri, rangi ya dhahabu, na makomamanga. Picha nimempa meya aitundike ukutani, mahali ambapo kila mtu ataona uso wa mdogo wangu umeelekea wapi. Mwezi wa Mei umekwisha jana. Mchana wote niliacha mlango wazi, kisha nikashuka dukani nikanunua kahawa yangu mwenyewe.